NYUMBA NA JAMAA: Kizingo au Nyali?

Ndugu yetu mmoja wa Mombasa, msomaji wa ukurasa huu tangu siku nyingi, ametuletea swali ambalo bila shaka lawashughulisha wengi walio katika hali kama yake. Asema kwamba baada ya kufanya kazi miaka ishirini katika shughuli za bandari ya Kilindini, na baada ya kuuza kiwanja alichokuwa nacho Mtwapa, amepata fedha za kutosha kununua nyumba ya maana. Hivi sasa wamepanga Kibokoni, katika Mji wa Kale. Nyumba mbili ziko mbele yake. Ya kwanza ni makao ya vyumba vitatu katika orofa ya saba ya jengo jipya mtaani Kizingo, ambayo dirisha lake latazama bahari. Ya pili ni nyumba ya vyumba vinne huko Nyali, ya zamani kidogo, ndani ya ua mmoja na nyumba nyingine tano, yenye bustani ndogo na mwembe. Bei zake zakaribiana.

Moyo wa ndugu yetu umeelekea Nyali. Mkewe ameshikilia Kizingo. Watoto wao ni wanne, wavulana wawili na wasichana wawili. Mkubwa ana miaka 15 na mdogo ana miaka 6. Pamoja nao yuko mama yake mzazi, mwenye miaka 74, ambaye kila akiulizwa hujibu neno moja tu: "Mtakakonipeleka nitakwenda." Basi ndugu huyu auliza: je, afuate upana wa nyumba, au afuate ukaribu wa mji?

Twamshukuru kwa swali lake, nasi twalijibu hapa mbele ya wasomaji wote kwa kuwa faida yake si ya mtu mmoja. Ijulikane kwanza kwamba swali hili si la halali na haramu. Kukaa Kizingo ni halali, na kukaa Nyali ni halali. Ni swali la busara, na katika mambo ya busara mtu hupima, hushauriana, kisha humtegemea Mwenyezi Mungu. Waarabu wana msemo wa zamani kwamba jirani hutafutwa kabla ya nyumba, na sisi Waswahili twasema kuwa nyumba njema si mlango. Misemo yote miwili yatuonya tusinunue kwa macho.

ASILI YA MITAA HII

Kizingo iko upande wa kusini-mashariki wa kisiwa cha Mombasa. Upande mmoja yapakana na bahari, na upande wa pili yapakana na mji. Kutoka hapo hadi Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, mtu mzima aweza kwenda kwa miguu, na nyuma ya ngome ndio Mji wa Kale wenyewe.

Nyali iko ng'ambo ya mkono wa bahari, katika bara la kaskazini. Ardhi yake ilikuwa shamba la mkonge, na jirani yake ni Frere Town, mahali walipowekwa watumwa waliokombolewa kuanzia mwaka 1875. Kulikuwa hakuna daraja la kuiunganisha na kisiwa mpaka mwaka 1931, lilipowekwa daraja la kuelea juu ya maji. Daraja la sasa lilifunguliwa mwaka 1980.

Wakati wa ukoloni mitaa yote miwili ilikuwa zaidi makao ya Wazungu, wakubwa wa serikali na wa makampuni. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 ndipo milango ilipofunguka kidogo kidogo kwa kila mwenye uwezo. Siku hizi majumba mengi ya zamani yenye viwanja vipana yamebomolewa, na mahali pake yamesimama majengo ya orofa nyingi, Kizingo na Nyali vilevile. Kwa hiyo mtu aijuaye mitaa hii kwa sifa zake za zamani tu, utulivu na uwazi, yampasa aende akaone hali yake ya leo.

SIFA NA KASORO ZAKE

Tuanze na Nyali, maana ndiyo iliyompendeza ndugu yetu, wala si haki kuinyima sifa zake. Nyali ina nafasi. Ina ufuo wa mchanga, na mwamba wa matumbawe ulioko mbele yake huvunja nguvu za mawimbi, hata watoto hucheza majini pasipo hofu kubwa. Ina maduka makubwa, shule za binafsi na matibabu, na mwenye nyumba hana haja ya kuvuka daraja kwa kila kitu kidogo. Soko kubwa la Kongowea li karibu, na jamaa yenye watu saba itapata huko viazi, vitunguu na matunda kwa bei ya jumla. Tena kuna jambo la vyumba. Dini yetu yatufundisha kuwatenga watoto katika malazi wanapokua, na mwenye wavulana wawili na wasichana wawili hawezi kulidharau jambo hilo. Vyumba vinne vyampa raha. Vyumba vitatu vyamlazimisha kupanga.

Lakini Nyali ina kasoro zake. Imetawanyika. Nyumba ziko mbali na barabara ya matatu, kuta ni ndefu, na mtu aweza kukaa mwaka mzima asilijue jina la jirani yake. Mahali pa starehe za usiku ni pengi, na mwenye kununua karibu napo atausikia muziki hata saa nane za usiku. Misikiti iko, Alhamdulillahi, lakini haikukaribiana kama ya kisiwani.

Ama Kizingo, sifa yake kubwa ni kwamba i ndani ya mji bila ya kuwa na msongamano wa mji. Hospitali ya Aga Khan iko huko huko, na Hospitali ya Mombasa haiko mbali. Bandari ya Kilindini, anakofanya kazi ndugu yetu, iko kisiwani. Wenye uwezo wa karo kubwa wana Aga Khan Academy, iliyofunguliwa mwaka 2003. Na wasio nao wana shule za mjini. Bustani ya ufuoni ya Mama Ngina, iliyotengenezwa upya mwaka 2019, huwakusanya watu wa kila tabaka jioni, wakila mihogo na mabisi na kutazama meli zikiingia mkondoni.

Kasoro zake nazo zijulikane. Kisiwa chote ni kama kilomita mraba 14 tu, nayo ardhi haiongezeki, basi bei ya kila chumba ni kubwa na majengo hupanda juu badala ya kuenea. Ufuo wake ni jabali, si mchanga. Siku za mwisho wa juma na za sikukuu magari hufurika kuelekea baharini, na mwenye kukaa kando ya njia hiyo hujiona mgeni mbele ya lango lake mwenyewe.

MAMBO YASIYOONEKANA SIKU YA KUTAZAMA NYUMBA

La kwanza ni daraja. Ndugu yetu afanya kazi kisiwani. Akikaa Nyali atavuka daraja mara mbili kila siku ya kazi, yaani mara 10 kwa juma na karibu mara 500 kwa mwaka. Tukikadiria kuwa kila safari foleni itamchelewesha nusu saa tu, hizo ni saa 250, zaidi ya siku kumi nzima, usiku na mchana, ameketi ndani ya gari. Hizo ni saa alizokuwa aweza kuwasomesha watoto wake au kukaa na mama yake. Hata akisafiri, mkaaji wa Nyali aendaye uwanja wa ndege wa Moi huvuka kwanza kuingia kisiwani, kisha hutoka tena kwa njia ya Makupa, lilipofunguliwa daraja jipya mwaka 2022. Wapo wanaoyavumilia hayo kwa kuwa kazi zao ziko kaskazini, na kwao mambo hugeuka. Lakini yeye hakutuambia hivyo.

La pili ni maji. Mombasa haina maji yake ya kutosha. Huletewa kutoka mbali: chemchemi za Mzima huko Tsavo, visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na Marere katika vilima vya Shimba. Mgawo wa mabomba ni wa zamu katika mitaa mingi, na maji ya visima vya karibu na bahari aghalabu yana chumvi. Basi usiulize kama nyumba ina maji. Dalali atajibu kuwa yapo. Uliza yatoka wapi, bomba lafunguliwa siku ngapi kwa juma, tangi lachukua lita ngapi, na ni nani alipaye gari la maji mabomba yanapokauka.

La tatu ni hewa ya bahari. Dirisha litazamalo bahari ni zuri, lakini upepo ule ule uburudishao ndio ulao vyuma. Katika mitaa hii miwili atazame bawaba, madirisha, mabomba ya nje, na nondo zilizo chini ya sakafu za roshani. Akiona saruji imepasuka na kutu kuchuruzika, ajue kuna gharama inayomngoja. Nyumba ya Nyali, kwa kuwa ni ya zamani, iangaliwe na fundi wa kuaminika kabla ya kulipwa hata shilingi moja. Na ikiwezekana ikaonwe siku ya mvua kubwa ya masika, maana maji hayajui bei ya mtaa. Hutuama palipo bonde.

La nne ni orofa. Hapa twamwomba ndugu yetu atulie kidogo. Makao aliyoyaona Kizingo yako orofa ya saba, naye hakutueleza habari ya lifti. Je, ni moja au mbili? Umeme ukikatika, jenereta yaiendesha, au yawasha taa za ngazi tu? Ni nani alipiaye matengenezo yake, na wangapi kati ya wakaaji hawajalipa ada ya huduma? Mwenye miaka 40 hupanda ngazi saba akilalamika. Mwenye miaka 74 hapandi kamwe. Lifti ikiharibika kwa juma zima, basi juma zima mama atakuwa mfungwa mwenye dirisha zuri.

HATI NA FEDHA

Mali bila daftari huisha bila habari. Kila mnunuzi wa nyumba Mombasa, awe wa Kizingo au wa Nyali, hana budi kuyahakikisha haya kupitia wakili wake mwenyewe, si wakili wa muuzaji.

Aanze kwa upekuzi rasmi wa hati katika ofisi ya ardhi, ajue ni ardhi ya milele au ya kukodishwa kwa miaka 99, na kama ni ya kukodishwa, imebaki miaka mingapi. Akinunua makao katika jengo la orofa, aulize kuhusu Sheria ya mwaka 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo, ambayo yamwezesha mwenye kila makao kuwa na hati yake, na wakaaji kuwa na shirika lao la kuliendesha jengo. Jengo lisilo na utaratibu huo laweza kumtia katika mikono ya mjenzi miaka mingi baada ya kumaliza kulipa.

Pwani yetu ina mambo mawili zaidi ambayo mtu wa kwingine huenda asiyafikiri. Moja ni wakfu. Wazee wetu waliweka wakfu viwanja vingi Mombasa, na kilichowekwa wakfu hakiuzwi. Kamisheni ya Wakfu iko mjini hapa, na Sheria mpya ya Wakfu ilipitishwa mwaka 2022. Kuuliza si ujinga. La pili ni mirathi. Nyumba ya zamani aghalabu ni nyumba ya marehemu fulani. Ikiwa warithi ni saba na aliyekuja kuuza ni mmoja, basi usikubali kwa kuambiwa kuwa wenzake wako Maskati au London na wameridhika kwa simu. Waridhike kwa maandishi, na mirathi iwe imekwisha kugawanywa na kuthibitishwa na mahakama. Kununua haki ya yatima kwa kutojua ni msiba. Kuinunua kwa kutotaka kujua ni dhuluma.

Kadhalika, wasomaji wetu walioko Oman na nchi za Ghuba wanaotuma fedha kununua Mombasa wakumbuke kwamba kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 asiye raia hawezi kumiliki ardhi ila kwa kukodishwa, kwa muda usiozidi miaka 99.

Juu ya bei iko gharama ya kuandikisha. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani. Nyumba ya shilingi milioni 20 yataka shilingi 800,000 kwa ushuru huo peke yake, mbali na malipo ya wakili. Ndugu yetu asipungukiwe mwishoni akakimbilia mkopo wa riba kuziba pengo. Akihitaji msaada, tangu mwaka 2008 ziko benki Kenya zinazofanya kazi kwa taratibu za kisheria za Kiislamu. Njia moja ni ya ushirika unaopungua: benki na mnunuzi hununua pamoja, kisha mnunuzi huinunua sehemu ya benki kidogo kidogo huku akilipa kodi ya kile kisichokuwa chake bado. Lakini hata hapo mkataba usomwe neno kwa neno.

NI NANI ATAKAYEKAA NYUMBANI?

Sasa twarudi kwenye swali lenyewe. Tumeisoma barua ya ndugu yetu mara kadhaa, tukaona ametueleza habari za vyumba, za bei, na za mwembe. Mkewe naye ametajwa pamoja na anachokitaka. Mtu mmoja tu ndiye ambaye matakwa yake hayakuandikwa, naye ndiye atakayekaa katika nyumba hiyo saa nyingi kuliko wote.

Baba ataondoka alfajiri. Watoto watakwenda shule na madrasa. Mama mzee atabaki. Leo akiwa Kibokoni, huenda hutoka saa kumi akaenda darasa ya wanawake, akampitia jamaa yake, akasimama mlangoni kwa shoga yake, akarudi kabla ya magharibi; na haombi gari wala ruhusa. Hayo ndiyo maisha yake. Neno lake "mtakakonipeleka nitakwenda" ni neno la mzazi asiyetaka kuwa mzigo kwa mwanawe. Si jawabu la swali. Mtoto mwema halichukui neno hilo kama hati ya idhini. Hulifikiri lililo nyuma yake.

Basi kipimo chetu ni hiki: nyumba ya jamaa ipimwe kwa miguu ya yule asiye na gari. Mwenye gari hukaa popote. Bibi, na mtoto wa miaka 6, na mke siku mume alipochukua gari, hao ndio wenye kuujua mtaa kwa kweli. Je, watafika msikitini na madrasani wenyewe? Tuktuk itapatikana langoni? Bibi akishikwa na homa saa sita za usiku, ni jirani gani atakayegonga mlango wake? Fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwa kipimo hicho sisi twaona Kizingo yafaa zaidi kwa jamaa hii, kwa sharti moja zito: isiwe orofa ya saba ya jengo lenye lifti moja. Atafute orofa ya chini, ya kwanza au ya pili, hata kama bahari haionekani, ambayo bibi aweza kuishuka kwa kushika ukuta. Kuhusu vyumba, vitatu vyatosha kwa mpango mwema: kimoja cha wazazi, kimoja cha wavulana, na kimoja cha bibi pamoja na wajukuu wake wa kike, kama walivyolelewa wengi wetu, wala hatukupata hasara kwa hadithi tulizosimuliwa usiku. Lakini akikosa orofa ya chini, na ikiwa katika ua ule wa Nyali kuna majirani wema, na msikiti ambao mtoto aufikia kwa miguu, basi Nyali ya chini ni bora kuliko Kizingo ya juu.

Kabla ya kutia sahihi, afanye hivi. Aende katika kila nyumba mara nne: alfajiri ya siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, Ijumaa mchana, na Jumamosi usiku. Azungumze na bawabu na mwenye duka la jirani, maana hao husema ambayo dalali hayasemi. Mtoto mdogo amshike mkono watembee kutoka langoni hadi madrasani. Na mara moja kati ya hizo nne aende na mama yake. Asimwulize kama amependa. Amketishe pale barazani nusu saa, amwache, kisha amtazame kama ametafuta mtu wa kusalimiana naye, na kama amempata.

Twamwomba Mwenyezi Mungu amjaalie ndugu yetu na jamaa yake makao yenye baraka, na majirani wema, wa dini yoyote watakaokuwa, naye awe jirani mwema kwao. Mwenye swali la nyumba na jamaa na atuandikie. Tutalijibu kwa kadiri ya uwezo wetu, Inshallah. Wabillahi taufiq.